Mafuriko ya msimu: kwa nini mvua pekee haitoshi kuyaeleza

Mafuriko ni maji kufunika ardhi ambayo kwa kawaida huwa kavu. Huitwa ya msimu yanapofuata majira ya mvua yanayojulikana. Kwa Tanzania, majira hayo ni masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba kwa pwani ya kaskazini, nyanda za kaskazini mashariki na kanda ya Ziwa Victoria. Mikoa ya kati, kusini na magharibi hupata msimu mmoja mrefu, takribani Novemba hadi Aprili.

Wengi hulitumia neno hili kama jina jingine la mvua kubwa, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Mvua ni maji yanayoingia. Mafuriko ni yale yaliyoingia na kukosa pa kutokea kwa wakati.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita hizo 50 zikinyesha juu ya kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 50, sawa na maboza 5,000 ya lita 10,000 kila moja. Penye msitu, sehemu kubwa huzama ardhini na kuufikia mto polepole, kwa siku kadhaa. Penye mabati, lami na zege, karibu yote hutiririka, na hufika bondeni kwa dakika. Mvua ni ile ile, mafuriko ni mawili tofauti.

Kuna kitu cha pili ambacho kipimo cha mvua ya siku moja hakikionyeshi: hali ya udongo kabla ya mvua hiyo. Msimu wa 2023/24 unaonyesha vizuri. Mwishoni mwa 2023, El Niño ilikuwa imepasha joto Bahari ya Pasifiki, na wakati huo huo Bahari ya Hindi ilikuwa na joto zaidi upande wetu wa magharibi kuliko upande wa Sumatra, kisiwa cha Indonesia. Hali hii ya pili wataalamu huiita dipoli ya Bahari ya Hindi, na kwa mvua za vuli Afrika Mashariki ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo iliyokuwa kali mno mwaka 2019. Hizo mbili zikikutana, vuli hunywesha ardhi hadi ishibe. Masika yakifika, udongo hauna tena nafasi, na mvua ambayo mwaka mwingine ingezama shambani huenda moja kwa moja mtoni.

Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki na 236 kujeruhiwa kutokana na mvua za msimu huo, na zaidi ya kaya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 kuathirika. Siku chache baadaye, Mei 4, kimbunga Hidaya kiliingia pwani kupitia eneo la Mafia.

Rufiji, ambako mafuriko yanashuka kutoka mbali

Bonde la Rufiji limechukua karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Maji yake yanatoka milima ya Udzungwa, nyanda za Njombe na Iringa, na sehemu kubwa ya Morogoro. Mto Kilombero peke yake huchangia zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji. Kwa hiyo mtu wa Muhoro au Utete anaweza kuamka jua linawaka, hakuna wingu, na maji yanapanda shambani. Mvua iliyomfikia ilinyesha siku nyingi nyuma, mamia ya kilomita kutoka kwake. Anayeishi chini ya mto anapaswa kufuatilia utabiri wa wilaya za juu kabla ya ule wa wilaya yake.

Warufiji walilijua bonde lao. Walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na maji yalipopungua walilima mlao: mahindi, kunde na mboga kwenye udongo uliobaki na unyevu na tope jipya. Mwaka 1968 yalikuja mafuriko makubwa, na Serikali ikawahamishia watu kwenye vijiji vya nchi ya juu, katika Operesheni Rufiji. Lakini rutuba ilibaki bondeni, na mkulima huifuata rutuba. Kumlaumu anayelima bondeni bila kutaja hilo ni kumwonea.

Kuhusu Bwawa la Julius Nyerere, lililo kwenye mto huu wa Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115 na lililoanza kujazwa Desemba 2022, maneno yamekuwa mengi kama linazuia mafuriko au linayaleta, hivyo kanuni ielezwe wazi. Bwawa hukata kilele cha mafuriko likiwa na nafasi tupu. Likijaa, maji yanayoingia hayana budi kutoka, kwa mitambo na kwa milango ya kumwagia, la sivyo tuta lenyewe huwa hatarini. Basi swali la kuuliza kila Februari ni hili: imebaki nafasi kiasi gani, na maji yatatolewa kidogo kidogo kuanzia lini? Taarifa ya kufungua milango ikiwafikia watu wa chini saa chache tu kabla ya maji, haina msaada kwa mwenye mazao shambani. Bwawa pia huzuia sehemu ya tope lililokuwa likirutubisha mlao, na hasara hiyo itaonekana taratibu kwa miaka.

Mto wenyewe hubadilika

Mlima ukilimwa bila matuta na kingo zikikatwa miti, mchanga hushuka na kujaza mto. Sakafu ya mto huinuka, na kina kilichokuwa kikibeba maji ya masika hakitoshi tena hata kwa mvua ya wastani. Mto Mkondoa huko Kilosa umeshayafanya hayo. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalivunja tuta la kinga na kuharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe.

Kilichotokea Katesh tarehe 3 Desemba 2023 ni jambo jingine. Sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na likashuka tope lililobeba mawe na magogo. Tope ni zito kuliko maji na halimpi mtu nafasi ya kuogelea. Chini ya mteremko uliolowa, usisubiri kuona maji. Nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama na chemchemi iliyogeuka rangi ghafla ni dalili za kuondoka mara moja.

Dar es Salaam: mtaro, taka na bamvua

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe na kuingia baharini kwenye daraja la Selander. Jangwani ni uwanda wake wa mafuriko, sehemu ambayo mto hujitandaza ukijaa. Mji umejaza na kujenga humo. Desemba 2011 jiji lilipata mvua kubwa kuliko zote tangu 1954, na baadhi ya waliookolewa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza ni ukubwa wa kalvati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara. Bomba la kipenyo cha milimita 600 halibebi nusu ya maji ya bomba la milimita 1,200. Hubeba karibu moja ya sita tu, na likizibwa na chupa na mifuko, hata hiyo haipiti. La pili ni bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupanda zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa. Mvua kubwa ikiangukia saa ya maji kujaa, Msimbazi hukuta mlango umefungwa na hurudi nyuma mitaani. Mvua hiyo hiyo siku za maji mafu, bahari inapopanda kidogo tu, ingeleta madhara madogo zaidi.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Hizo ni za kulinda mto. Hazikupi hakika kwamba ukijenga mita ya 61 uko salama, kwa sababu penye tambarare maji hutambaa kilomita kadhaa.

Maji yakiwa njiani, na yakishapungua

Katika taarifa za hali ya hewa, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. "Juu ya wastani" humaanisha zaidi ya asilimia 125 ya mvua ya kawaida ya eneo hilo, kwa hiyo maneno hayo yakisomwa Dodoma hayana milimita sawa na Mbeya.

Maji yanayokwenda kasi huhitaji sentimita 15 tu kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 hubeba magari mengi. Dereva wa basi haoni kama lami iliyo chini imeliwa.

Vyoo vya shimo vikifurika, kinyesi huingia visimani, na ndipo kipindupindu kinapofuata. Chuja maji kwa kitambaa safi, kisha yaache yatokote kwa nguvu dakika 1 kamili. Mahindi yaliyosimama majini siku chache hufa kwa mizizi kukosa hewa, ilhali mpunga huvumilia zaidi. Nyumba ya tofali mbichi haianguki lazima siku ya mafuriko. Nyingi huanguka siku kadhaa baadaye, sehemu ya chini ya ukuta ikiwa imelainika huku paa likizidi kuikandamiza. Kabla ya kurudisha watoto kulala ndani, gonga ukuta karibu na msingi, tazama nyufa za mlalo, na piga picha ya alama ya maji ukutani pamoja na tarehe. Alama hiyo ndiyo kipimo cha kweli cha urefu wa msingi wa nyumba itakayofuata.