Unatafuta asili ya ukoo wako? Uliza kwanza babu kazikwa wapi

Wengi wanaokuja kwetu watu wa nyaraka kuulizia asili yao wanaanza na kabila, "eti sisi Wangoni tulitoka kusini kweli?" au "Wamanyema wa Kariakoo kwao hasa ni wapi?" Maswali mazuri ila kwa kuanzia hayakufikishi popote, maana kabila ni watu wengi mno, na mtu akishakaa Dar miaka 40 wajukuu zake wanaweza wakawa wanajiita kabila jingine kabisa. Wewe tafuta mtu mwenye jina na sehemu. Muulize bibi babu kazikwa wapi, baba yake babu kazikwa wapi, nani alisimamia msiba na nani alirithi. Hapo utapata kijiji na majina manne matano kwa mpigo, na mara nyingi utasikia wametajwa watu ambao hukuwahi kuambiwa ni ndugu zako.

Ukienda kwa mzee nenda asubuhi hajachoka, shikamoo, kilo ya sukari, omba ruhusa ya kurekodi kwenye simu alafu muache aongee, usimkatize kumuuliza mwaka. Mwaka hana ila matukio anayo: baba yake alishaoa wakati wa Majimaji (1905 hadi 1907) au bado alikuwa anachunga mbuzi, alibebeshwa mizigo ya jeshi kwenye vita ya 1914 au alikimbia, we utapiga hesabu nyumbani. Wangoni wenyewe wanasimulia kwamba jua lilipatwa siku wazee wao wanavuka mto Zambezi, na kwa hesabu za kupatwa kwa jua ndo ikajulikana ni 1835.

Kuna mambo mawili yanavuruga sana. Kwanza majina, mjukuu anapewa jina la babu kwa hiyo "Mohamedi bin Saidi" na "Saidi bin Mohamedi" wanapokezana vizazi na vizazi na usipoangalia utawafanya watu watatu kuwa mmoja. Pili ni kijiji chenyewe, kati ya 1973 na 1976 watu wengi sana walihamishiwa vijiji vya ujamaa, sasa kijiji kilichoandikwa kwenye cheti cha baba kinaweza kuwa sio pale alipozikwa babu, huko ni mahame tu, uliza wazee wa pale watakuonyesha. Na upande wa mama usiuache jamani, kwa Waluguru, Wamakonde na Wazaramo wa zamani ukoo ulikuwa unafuata mama, ukimfuata baba peke yake hapo unapotea mapema.

Ukishakuwa na jina na sehemu ndo uje kwenye karatasi. Vyeti vya kuzaliwa na vifo viko RITA, yani wakala wa serikali wa usajili, ila usitegemee kumkuta babu wa babu, enzi za mkoloni Waafrika wengi hawakusajiliwa. Madaftari ya ubatizo ya misheni yanarudi nyuma zaidi, wamisionari Wakatoliki wa Roho Mtakatifu wako Bagamoyo tangu 1868, na Waanglikana wa UMCA (misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza) walipeleka watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar wakaanzisha makazi Masasi mwaka 1876. Mle unakuta jina la mtoto, wazazi na msimamizi. Nyaraka za Taifa pale Upanga kuna mafaili ya Mjerumani na vitabu vya wilaya walivyoandika maofisa wa Kiingereza, vina orodha za machifu, koo na zilikotokea. Visome ila uwe na wasiwasi kidogo, maana bwana DC (mkuu wa wilaya) alikuwa anatafuta nani wa kumpa uchifu na kila ukoo ulijua hilo, kwa hiyo kila mmoja ulijisogeza mbele, wengine walidai wao ndo walifika wa kwanza hata kama walikuta watu.

Usishangae ukifika sehemu wazee wakanyamaza. Pwani hii kuna familia nyingi zenye babu au bibi aliyeletwa utumwani kutoka bara, na Tanganyika utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1922 tu, sio mbali hivyo. Mzee akikataa usimbane, rudi siku nyingine, au muulize shangazi yako mkiwa wawili.

Kuhusu kupima vinasaba naulizwa kila wiki. Kipimo cha upande wa mama kinafuata mama wa mama wa mama, cha upande wa baba kinafuata wanaume watupu, yani ukirudi vizazi vinne una wazee 16 na kila kipimo kinagusa mmoja tu. Vile vingine vinavyotoa asilimia vinakulinganisha na watu waliowahi kupimwa, na Waafrika waliopimwa bado ni wachache, kwa hiyo utaambiwa wewe ni mtu wa Afrika Mashariki, jambo ambalo ulishalijua. Alafu sampuli za vinasaba hapa nchini zina sheria yake ya mwaka 2009, pita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali uulize kabla hujatia mate kwenye kichupa ukayatuma nje.