Picha safi, mgongo bado unauma: maswali ya wakulima wa tumbaku Tabora

Mgongo unaniuma mwaka wa pili. Nimepiga picha ya eksirei, hakuna kitu. Nyumbani wanasema nakwepa shamba. Je, najitungia?

Hapana. Picha huonyesha mifupa, haionyeshi maumivu. Mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoamua uchungu utasikika kwa ukali gani. Kwa baadhi ya watu, jeraha hupona lakini neva zikabaki kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvunjwa: jani likianguka tu, anabweka. Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu. Tangu 2017 wataalamu wa maumivu duniani wanaitambua rasmi aina hii ya maumivu, ya neva kubweka bila jeraha, mbali na maumivu ya jeraha na yale ya neva iliyoharibika. Kwa hiyo wa nyumbani wapunguze maneno.

Mbona huzidi wakati wa kukausha tumbaku?

Kubeba kuni kunachangia, ila mimi ningeanza na usingizi. Anayekesha akichochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, siku kadhaa mfululizo huunyima ubongo nafasi ya kutuliza maumivu. Hapo weka na deni la pembejeo. Wasiwasi humwaga adrenalini, misuli hukaza, moyo huenda mbio, na tumbo nalo huvurugika kwa sababu utumbo umejaa neva zake. Ndiyo maana mgongo, kichwa na tumbo mara nyingi husumbua kwa pamoja.

Niendelee na diklofenaki ya kutuliza maumivu?

Siku chache, sawa. Ukiitumia miezi inaweza kukuletea vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Daktari anaweza kukuandikia amitriptilini kwa dozi ndogo. Ni dawa ya sonona pia, lakini hapa inatuliza neva; hujaitwa mgonjwa wa akili. Tembea kila siku, ukiongeza kidogo kidogo. Kushinda kitandani kunazidisha tatizo.

Nitajuaje kama si ugonjwa mwingine?

Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, au brusela, ugonjwa utokao kwa mifugo, kwa wanaokunywa maziwa mabichi, na huku wafugaji ni wengi. Ukiona miguu inaishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, au mkojo unagoma au kutoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama picha ya mwaka jana ilikuwa safi.