Miwani janja kwa jicho la mpima macho: lenzi, pua na jua la Dar

Miwani ya kawaida ikikubana nyuma ya sikio, kazi yangu ni ndogo. Naupasha moto mkono wa fremu kwenye kipulizia hewa, plastiki inalegea, naukunja kufuata sikio lako, unapoa, unavaa na kwenda zako. Miwani janja hainipi nafasi hiyo. Ndani ya mkono ule kuna betri, spika na saketi, na moto wangu utaviua vyote. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila anayeizungumzia miwani hii mtandaoni ni mtu wa simu. Atakwambia kamera ina megapikseli ngapi. Kama itakaa puani, hasemi.

Wateja wanaoingia nayo dukani wanaongezeka, wengi wakiwa wameitoa Dubai au wameletewa na ndugu aliye Ulaya. Juzijuzi kijana mmoja aliniwekea kasha mezani: "Daktari, shikamoo. Naomba uniwekee namba zangu humu." Nikaifungua, nikaitazama, nikamwambia, "Marahaba. Inawezekana mwanangu, ila kaa kwanza tuzungumze." Mazungumzo yenyewe yalikuwa kama hivi.

Ya kwake ilikuwa Ray-Ban Meta, fremu ya Ray-Ban yenye vifaa vya Meta, kampuni ya Facebook, ile isiyo na skrini. Pembe moja ya fremu ina kamera ya megapikseli 12, pembe ya pili ina taa ndogo inayowaka ukirekodi, na mikononi kuna spika zinazocheza karibu na sikio bila kuliziba. Unapiga simu, unasikiliza muziki, unapiga picha, unaiuliza akili mnemba swali kuhusu unachokiona. Lenzi zake hazina umeme wowote, ni lenzi kama nyingine, na hiyo ni habari njema kwa mtu wa kazi yangu: naweza kuzitoa, nikachonga zenye namba zako, yaani vipimo vya macho yako, nikazirudisha. Tofauti ni kwamba fremu ya kawaida tunaipasha ilegee kabla ya lenzi kuingia, na hii inabidi ipokee lenzi ikiwa baridi. Lenzi ikizidi hata kidogo, fremu inapasuka. Usimpe fundi mwenye haraka.

Kuna aina ya pili, akina Xreal, ambayo ni sinema ya kuvaa. Ina vioo vizito mbele ya macho, inaunganishwa na simu kwa waya, unatazama filamu ukiwa kwenye ndege au umejilaza kitandani. Si miwani ya kutembea nayo mtaani, na sitaisemea zaidi.

Aina ya tatu ndiyo inayonisisimua. Hapa lenzi yenyewe inakuonyesha maandishi huku ukiendelea kuona mbele yako. Meta Ray-Ban Display iliingia sokoni Marekani mwisho wa Septemba 2025 kwa dola 799, karibu shilingi milioni 2 kabla ya usafiri na ushuru. Projekta ndogo imefichwa kwenye mkono wa kulia. Inatupa mwanga kwenye ukingo wa lenzi, mwanga unasafiri ndani ya kioo, halafu vioo vidogo mno vilivyopangwa humo ndani vinauelekeza kwenye mboni. Skrini hiyo ina pikseli 600 kwa 600 na ukubwa wa nyuzi 20 kutoka kona hadi kona, sawa na kitu cha sentimita 21 hivi kikiwa umbali wa sentimita 60 kutoka usoni. Jicho la kushoto halipewi picha. Unaiongoza kwa mkanda wa kifundoni unaosoma umeme wa misuli pale unapogusanisha vidole, teknolojia ambayo Meta iliinunua pamoja na kampuni ya CTRL-labs mwaka 2019.

Even Realities G1, iliyotoka kwa dola 599, imekwenda njia nyingine: maandishi ya kijani tu, hakuna kamera, hakuna spika. Ukiikuta mezani utadhani ni miwani ya mwalimu wa hesabu. Binafsi naiheshimu sana.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama mtu wa miaka 45, ambaye tayari anainyoosha simu mbali ili asome, ataona hayo maandishi. Ataona. Maandishi yako sentimita mbili kutoka jichoni, lakini mwanga wake umepangwa ili jicho liyaone kana kwamba yako mbali, kwa hiyo huhitaji nguvu ya kusomea karibu. Kichekesho ni kwamba atasoma ujumbe kwenye lenzi, kisha atashindwa kusoma risiti aliyoshika mkononi. Mwenye shida ya kuona mbali yeye anahitaji namba zake hata kwa skrini hiyo, na hapo kuna mpaka: Display inapokea kuanzia -4 hadi +4 tu. Mimi nina wanafunzi wa chuo wenye -7 na -8. Kwao mlango umefungwa kwa sasa.

Sasa tuje kwenye pua. Fremu nyingi duniani zimechongwa kufuata pua iliyosimama juu kati ya macho. Wengi wetu hapa daraja la pua liko chini na ni pana, hivyo fremu ya plastiki isiyo na pedi inateleza mpaka inakaa mashavuni. Fremu ya kawaida ina gramu 25 au 30, unaisukuma kwa kidole na maisha yanaendelea. Ray-Ban Meta inakaribia gramu 50, Display ina 69. Weka uzito huo kwenye pua yenye jasho ndani ya mwendokasi mwezi wa pili, uone. Kwa isiyo na skrini ni kero tu. Kwa yenye skrini ni hasara, maana picha inaonekana mboni ikiwa ndani ya kijieneo kidogo cha lenzi. Fremu ikishuka milimita chache maandishi yanakatika au yanapotea kabisa. Ray-Ban Meta ina matoleo ya pua yenye daraja la chini, yanaitwa "low bridge fit". Muuzaji wa Dubai hatakwambia uchukue hilo. Mimi nakwambia.

Halafu jua. Skrini ya Display inafika niti 5,000 (niti ni kipimo cha mng'ao wa skrini), wakati simu nyingi hazifiki huko hata kidogo. Lakini ukuta mweupe au zege la Posta saa saba mchana linarudisha mwanga mkali kuliko huo, kwa hiyo bila lenzi yenye giza maandishi yanamezwa. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wameweka lenzi zinazobadilika rangi juani. Tatizo ni kwamba kemikali ya lenzi hizo haipendi joto: siku ya baridi inaingia giza totoro, siku ya joto kali inaishia njiani, hata jua likiwa lile lile. Na ukiwa ndani ya gari haiingii giza la maana, kwa kuwa kioo cha mbele kinazuia mionzi inayoiamsha. Lenzi iliyofanya vizuri New York kwenye baridi, Dar es Salaam itakuwa nyepesi kidogo. Kwa jua la huku, mtu wa nje ni bora achukue isiyo na skrini, aweke lenzi nyeusi za kudumu, basi.

Soko linakwenda mbio. Google ilijaribu mapema: miwani yake, Glass, iliuzwa kwa dola 1,500 mwaka 2013, na Januari 2015 ikaondolewa kwa watu wa kawaida. Bei ilichangia, hofu ya kamera ilichangia, lakini kwa macho yangu ya kazi kosa kubwa ni kwamba hakuna aliyekuwa tayari kuvaa kitu kile usoni siku nzima. Meta walifanya kinyume, wakaenda kwa EssilorLuxottica, wenye Ray-Ban, kampuni ya miwani iliyotokana na muungano wa Essilor ya Ufaransa na Luxottica ya Italia mwaka 2018. Toleo la kwanza la 2021 halikuvuma. La Oktoba 2023 likavuma: kufikia mapema 2025 zilishauzwa milioni 2, na lengo la EssilorLuxottica wakati huo lilikuwa uwezo wa kutengeneza milioni 10 kwa mwaka ifikapo mwisho wa 2026. Google nao wamerudi, safari hii wakiwa na Warby Parker na Gentle Monster, yaani wauza miwani. Kampuni za kompyuta zimekuja kupiga hodi kwetu, nami sijizuii kutabasamu.

Kwa mfuko wa Kariakoo, ningeitazama zaidi China. Xiaomi walitoa yao Juni 2025 kwa yuan 1,999, gramu 40, na Alibaba wakafuata Novemba na Quark. Bidhaa za namna hiyo hazichelewi kufika mitaa ya Msimbazi na Congo, na nakala zake hutangulia. Nakala itakuwa na spika na taa ya mapambo. Lenzi zake zichunguze kabla ya kuvaa, maana lenzi nyeusi isiyozuia mionzi ya jua inapanua mboni na kuiingiza mionzi zaidi.

Lugha bado. Tafsiri ya papo kwa papo ya Ray-Ban Meta ilianza na Kiingereza, Kifaransa, Kiitalia na Kihispania. Ukiiuliza kwa Kiswahili cha Temeke usitegemee makuu. Pamoja na hayo, kuna mtu mmoja ambaye nikipata nafasi nitamvalisha hata leo: asiyeona. Huduma ya Be My Eyes imeunganishwa na miwani hiyo, hivyo mtu anaweza kumwita anayejitolea, naye akaona kupitia kamera na kumsomea ubao wa daladala au noti aliyorudishiwa, mikono yote miwili ikiwa huru na fimbo yake. Kwa mtu huyo hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kinachokaribia.

Kuhusu kamera, tuseme ukweli. Kile kitaa cha kurekodi ni kidogo, na kwenye jua la saa sita hukioni. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard waliiunganisha miwani hii na programu ya kutambua sura, wakawa wanapata majina ya watu wasiowajua njiani. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Sura yako ni taarifa yako. Lakini sheria haitasimama mlangoni kwenye singo au kicheni pati, ambako simu zinakatazwa na shangazi anapekua mikoba. Shangazi hajui bado kupekua miwani. Dukani kwangu, kwa kuwa mezani kuna kadi za wagonjwa, nimeshaamua: ya kamera inazimwa hapo mapokezi, ile swichi ndogo iko ndani ya mkono wa kushoto, na mwenye kuhitaji kuona nampa fremu ya majaribio yenye namba zake mpaka tutakapomaliza.