Panga za Kale za Kijerumani: Yanayosemwa na Yaliyomo Kwenye Chuma

Mtu akinionyesha upanga wa Kijerumani wa miaka 130 unaong'aa kama sufuria ya dukani, roho huniuma. Najua kilichotokea. Aliununua ukiwa na weusi wake, akaufikisha nyumbani, akachukua msasa na dawa ya kung'arishia shaba, akashinda nao Jumapili nzima. Alidhani anauongezea thamani. Kumbe ameufuta.

"Upanga msafi ndio wenye thamani." Hii ndiyo dhana iliyoharibu vitu vingi kuliko nyingine zote ninazozijua. Ule weusi wenye ukahawia unaotanda juu ya chuma kwa miongo mingi ni ngozi yake. Chini yake kuna alama zilizogongwa na mafundi na wakaguzi, na mara nyingi kuna mapambo yaliyochorwa kwa asidi, yenye kina kidogo mno. Msasa ukipita mara kadhaa, vyote vimekwenda na havirudi. Kutu nyekundu inayomeguka ni jambo jingine. Hiyo ni ugonjwa na inatakiwa kutibiwa, lakini kwa mafuta mepesi kama yale ya cherehani, kitambaa laini na subira, kisha unapaka nta nyembamba. Na kama ala ni ya ngozi, upanga usikae ndani yake miaka na miaka. Ngozi hushika unyevu, na kemikali zilizotumika kuitengeneza hula chuma polepole.

Niongeze hapa kwamba panga kadhaa zilitoka kiwandani zikiwa zimepakwa nikeli, na hizo ziling'aa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo usikimbilie kumlaumu mwenye nao kabla hujautazama kwa karibu.

"Huyu fundi Solingen alikuwa hodari sana." Nimelisikia hili mara nyingi, tena kwa watu wenye akili zao. Neno Solingen limechorwa kwenye bapa, basi msomaji anadhani ni jina la mhunzi. Solingen ni mji wa magharibi mwa Ujerumani, kando ya mto Wupper, unaoishi kwa visu na panga tangu zama za kati. Wanoaji na wale waliogumisha chuma kwa moto walikuwa na chama chao kinachotambuliwa tangu mwaka 1401. Kazi iligawanywa: huyu anafua, yule anatia moto na kuzimisha, mwingine ananoa kwenye jiwe kubwa linalozungushwa na maji ya mto, wa mwisho anafunga mpini. Ile picha ya mzee mmoja aliyeufua upanga wake mwanzo hadi mwisho, peke yake mbele ya tanuri, haiendani na Solingen hata kidogo. Jina la mji lilikuja kulindwa kwa sheria mwaka 1938.

Makosa ya jamii hiyo ni mengi. "Ges. Gesch." si herufi za jina la mtu, ni ufupisho wa maneno yanayomaanisha "imelindwa kisheria". "Eisenhauer" naye hakuwa fundi. Neno lenyewe ni "mkata chuma", na liliandikwa kwenye panga za maofisa kuusifia ubora wa chuma chake. Ukitaka mtengenezaji, tafuta picha ndogo karibu na mpini. Kindi ni Carl Eickhorn. Mapacha wawili ni J. A. Henckels, alama inayotumika tangu 1731. Kichwa cha mfalme kilikuwa cha Weyersberg na kofia ya chuma ya shujaa wa zamani ilikuwa ya Kirschbaum. Nyumba hizo mbili za biashara zilipoungana mwaka 1883, alama nazo zikasimama bega kwa bega.

Kisha kuna mbwamwitu anayekimbia, mistari michache tu iliyokatwa kwenye chuma na wakati mwingine kujazwa shaba. "Ukimwona mbwamwitu, upanga ni wa Passau na ni wa zama za kati." Alama hiyo kweli ilianzia Passau, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Danube. Ila ilikuwa na sifa ya kumkinga aliyeubeba upanga, na sifa ya namna hiyo haibaki mji mmoja. Wahunzi wa Solingen waliichukua na kuitumia kwa karne nyingi, na panga zao zikasafiri. Zipo kattara za Omani, jina ambalo sikio la Mswahili litalitambua mara moja kuwa ndugu wa kitara, ambazo mpini wake ni wa huko ila ulimi wake wa chuma umetoka Ulaya na mbwamwitu yuko pale pale. Wapo pia mafundi wa nchi nyingine walioiga mchoro huo. Mbwamwitu peke yake hakuambii mahali wala mwaka.

"Mfuo ule ni wa kupitishia damu." Hapana. Mfuo unaotembea kwenye bapa hupunguza uzito bila upanga kulegea. Tazama reli: katikati nyembamba, juu na chini nene, na bado inabeba treni.

"Hauna makali, basi ulikuwa wa mapambo tu." Panga za askari wa farasi zilikaa butu wakati wa amani, kwa amri, na zilinolewa jeshi lilipoitwa vitani. Ubutu unaweza kukuambia kwamba upanga ule haukupelekwa vitani. Haukuambii kwamba haukuwa silaha. Upanga wa wapanda farasi wa Prussia, ufalme mkubwa kuliko wote wa Ujerumani ya wakati huo, wa mwaka 1889 isitoshe ulitengenezwa zaidi kwa kuchoma kuliko kukata.

Watu huhangaika sana na tarakimu. Ukikuta "12.U.3.58" kwenye kikinga mkono, hiyo si namba ya mwenyewe. Ni rejimenti ya 12 ya Ulanen, yaani wapanda farasi wa mikuki, kikosi cha 3, silaha ya 58. Kwenye mgongo wa upanga huwa kuna taji, herufi W na tarakimu mbili: Wilhelm ndiye mfalme na tarakimu ni mwaka wa ukaguzi. Upanga wa Bavaria, ufalme mwingine wa Ujerumani, unaweza kuwa na L, ya mfalme Ludwig. Hapo huzaliwa dhana ya kinyume, kwamba upanga usio na namba ni bandia. Maofisa walijinunulia panga zao kwa fedha zao, kwa hiyo nyingi hazina mihuri ya serikali. Upanga wa ofisa wa askari wa miguu wa 1889 utaujua kwa tai wa shaba kwenye kikinga mkono, na kwa herufi WR II, yaani mfalme Wilhelm wa Pili, juu ya mpini uliozungushiwa waya. Shika upande mmoja wa kikinga hicho uusukume taratibu. Una bawaba, unakunjwa ili usigonge paja mtu akitembea.

Kwa upande wa mawindo, dhana kubwa inahusu Hirschfänger, upanga mfupi ulionyooka, mara nyingi wenye mpini wa pembe ya paa dume. "Hicho ni kisu cha kuchunia." Kuchuna na kupasua kulikuwa na visu vyake, vidogo na vya umbo jingine, na mifupa ilikatwa kwa parange pana nzito. Kazi ya Hirschfänger ilikuwa moja: mnyama akishajeruhiwa na mbwa wamemshika, mwindaji anamsogelea na kumchoma moyoni, nyuma ya bega. Bunduki za enzi hizo zilichukua muda kushindiliwa, na risasi katikati ya mbwa ingeua mbwa. Baadaye bunduki zilipokuwa bora, upanga huo ukabaki sare ya maofisa misitu, ukafupishwa na kupambwa. Kama mpini ni wa pembe za ndovu, usiuvushe mpaka kabla ya kuuliza: ndovu wa Afrika walipewa ulinzi mkali zaidi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, na uzee wa upanga hauondoi hitaji la vibali.

Kwetu Tanzania kuna dhana yake. Familia ina "upanga wa ofisa wa Kijerumani" uliorithiwa kwa babu. Ukiutazama, mpini ni wa shaba, chuma kina urefu wa sentimita 47 hivi, na kwenye kikinga kuna tundu la duara la kupita mdomo wa bunduki. Nyuma ya mpini kuna mfereji wa kujibana. Hiyo ni singe ya 1871, ya bunduki ya Mauser ambayo askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walikuwa bado wanaibeba 1914. Bunduki hizo ndizo zilizotumika kuizima Maji Maji, 1905 hadi 1907. Sioni kwamba singe ni kitu kidogo kuliko upanga wa ofisa. Naomba tu wenye nayo waandike mara moja jina la babu, kijiji, na jinsi ilivyomfikia, kabla wazee wanaojua hawajaondoka, kwa sababu hilo chuma hakiwezi kulisema.

Nimebakiza dhana moja, kwamba alama za utawala wa Hitler ndizo zinazokifanya kitu kiwe na thamani. Majambia na panga za kipindi hicho ndizo zinazoghushiwa zaidi, na sheria ya Ujerumani inakataza kuonyesha hadharani alama hizo, isipokuwa kwa mambo kama elimu na utafiti. Mimi hutafuta mizani. Ni alama ya Alexander Coppel, nyumba ya biashara ya familia ya Kiyahudi iliyofanya kazi Solingen tangu 1821 na kutengeneza panga za jeshi la Kaiser. Mwaka 1936 walinyang'anywa. Mjukuu wa mwanzilishi, Dkt. Alexander Coppel, alifia kambi ya Theresienstadt mwaka 1942. Mizani ile ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na msasa wa dakika mbili unatosha kuimaliza.