Kushona juu ya karatasi si kuvisha karatasi

Juzi tena, kwenye kikundi chetu cha kushona viraka hapa Nairobi, dada mmoja anayeanza aliambiwa: "Hiyo ya karatasi ni rahisi. Kata vipande sawasawa na mchoro, kisha uviunge." Akaenda akakata kitenge chake, kila pembetatu kwa kipimo kamili, akashona, akapindua, na kila kona ikaacha pengo. Sasa anasema hana mkono wa viraka. Mkono anao. Aliyemwelekeza alichanganya njia mbili, na mchanganyo huu nimeusikia hadi nimechoka.

Kushona viraka juu ya karatasi ni hivi. Mchoro wa bloku, yaani mraba mmoja wa viraka, umechapwa kwenye karatasi, sehemu zake zimepewa nambari. Kitambaa kinakaa upande usiochapwa, cherehani inapita juu ya mstari uliochapwa, na sindano inatoboa karatasi na kitambaa kwa pamoja. Kipande cha 2 kinalazwa juu ya cha 1 uso kwa uso, unashona, unapunguza ziada ibaki robo inchi, unapindua, unapiga pasi, unaendelea na cha 3. Bloku ikiisha na kuungwa na wenzake, karatasi inachanwa na kutupwa. Basi.

Alichoelezwa yule dada ni kitu kingine kabisa, kile cha pembesita. Huko unakata karatasi ngumu kwa umbo la kipande kimoja kimoja, unaivisha kitambaa, unakishikiza kwa uzi wa muda, kisha unaunga ukingo kwa ukingo kwa mkono, mishono midogo midogo inayoshika nyuzi za pembeni tu. Ile sindano ya kuunga haipiti kwenye karatasi. Waingereza wameifanya kazi hii kwa muda mrefu: lipo tandiko la hariri lenye mwaka 1718 lililoshonwa ndani yake, na karatasi zake hazijatolewa mpaka leo. Njia ya mistari, ile ya kushona juu ya mchoro, ina historia yake nyingine. Bloku za vipande virefu vinavyozunguka kitovu zilishonwa katika karne ya 19 juu ya kitambaa chakavu kilichobaki ndani moja kwa moja, na Marekani, wakati wa dhiki ya miaka ya 1930, watu waliunga masalio membamba juu ya magazeti.

Mbona nashikilia jambo dogo hivi? Kwa sababu ukataji wake ni kinyume. Kwenye pembesita usahihi unatoka kwenye mkasi wa karatasi. Ukikosea pale, umekosea mpaka mwisho. Kwenye mistari usahihi unatoka kwenye mshono, kwa hiyo kitambaa chenyewe unakikata ovyo kidogo, na kwa ukarimu: nusu inchi ya ziada kila upande, na kwa pembetatu ongeza tena, maana kikipinduliwa hugeuka pembe usiyoitarajia. Kabla ya kushona, kunja kipande kwenye mstari, kiinue dirishani, utazame kama kimefunika sehemu yake yote. Hapo ndipo anayeanza anapoacha kuogopa. Ncha kali za nyota ambazo fundi wa miaka mingi huzihangaikia, yeye anazipata kwa kufuata mstari ulionyooka.

Punguza urefu wa mshono hadi milimita 1.5 hivi, na utie sindano nene kidogo, ya 90/14. Mashimo yakikaribiana, karatasi huchanika kama stempu bila kuvuta nyuzi. Bloku itatoka imegeuzwa kama kwenye kioo. Kwa nyota haidhuru, kwa herufi inadhuru sana. Kitenge cha waksi kina huruma hapa, kwa kuwa rangi yake hupenya pande zote mbili na ukikosea upande hakuna atakayejua. Shati la mtumba la Gikomba halina huruma hiyo.

Na wale wa saiba, wanaotuchapia michoro! Waambie wachape asilimia 100, kwa sababu mashine zao hupenda kubana ukurasa uenee kwenye A4. Michoro mingi ina mraba wa inchi moja pembeni. Upime kwa rula kabla hujalipa.

Mwenzangu uliyemwelekeza, hukusema uongo. Ulichoeleza ni kazi halali, tena nzuri ya kufanya ndani ya matatu jioni kwenye foleni ya Thika Road, kwani haihitaji cherehani. Ila mtu akikuuliza kuhusu ya karatasi, muulize kwanza kama sindano yake itatoboa karatasi. Akisema ndiyo, usimwambie akate sawasawa.

Pembetatu za yule dada zisitupwe. Zile kubwa zinatosha mchoro uleule ukichapwa nusu ya ukubwa. Ila robo inchi ya pembeni ya bloku nayo itakuwa imepungua nusu, kwa hiyo aichore upya kwa rula kabla ya kuanza na kipande cha 1.