Punda asiyezoea mkono: tunayodanganyana na ukweli wake

Sisi wa Lamu tumezaliwa tukakuta punda mlangoni, basi kila mtu ni fundi wa punda, hata yule hajawahi kumfunga mmoja kamba maishani. Ami yangu alinunua punda jike kule Matondoni, wa miaka minne hivi, amekulia shambani na mamake bila kuguswa na mkono wa mtu, na wiki ya kwanza tu nyumbani nilisikia ushauri wa kila aina na mwingi ni wa kumuumiza mnyama bure.

Dhana: mvunje siku ya kwanza, ajue nani mkubwa.

Ukweli: punda na farasi wote wameumbwa kuliwa na simba, sasa wewe ukimjia mbio na fimbo kichwani mwake huna tofauti na fisi. Kinachomfunza si kule kuvuta, ni kule kulegeza. Unavuta kamba kidogo tu, unangoja, akiinua hata mguu mmoja kuja kwako unalegeza hapo hapo, na ndipo anaelewa ahaa, kumbe ndicho alichotaka. Wengi wetu akisogea ndio kwanza tunavuta zaidi, sasa yeye ataelewa nini? Hata wale farasi wa Marekani wanaoitwa mustang, wanaoishi porini na kulindwa na sheria tangu 1971, watu wanaojua kazi huwazoeza hivi hivi, pole pole (na wale kwa taarifa yako si mwitu wa asili, mababu zao wengi ni farasi wa kufugwa walioletwa na Wahispania wakatoroka). Na kamba usijizungushie mkononi jamani. Mimi nilijizungushia siku ya pili, akakurupuka, ngozi ya kiganja ikaenda naye.

Dhana: punda ni mkaidi, na akisimama tuli basi ameshakubali.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Farasi akishtuka ni mbio, punda akishtuka mara nyingi anaganda, manake asili yake ni punda mwitu wa Pembe ya Afrika, nchi kavu ya mawe na malisho haba, huko hawaendi makundi makubwa kama farasi, kwa hivyo yeye anasimama kwanza apime hatari ndio aamue. Huyu wetu siku ya tatu alisimama uani kama nguzo, vijana wakanambia si unaona katulia, mtie shogi, ile mifuko ya mzigo ya mgongoni. Mimi nikamtazama mdomo, umebana kabisa, sikio moja liko kwangu lingine ukutani, ngozi ya ubavuni inatetemeka kama ina inzi na inzi hayupo. Nikarudi nyuma hatua mbili nikakaa kwenye ndoo. Imepita kama robo saa hivi, akashusha kichwa, akatafunatafuna mdomo mtupu, akapumua kwa nguvu. Nikanyanyuka nikaenda zangu kunywa chai, siku hiyo sikumgusa.

Dhana: mwendee uso kwa uso umpapase paji.

Macho yake yako ubavuni, anaona karibu pande zote isipokuwa pale mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Mkono wako ukienda usoni unapotea machoni, unamtokea tena kama jini. Mjie begani kwa pembeni, umkune pale shingo inapokutana na mgongo, ndipo wao kwa wao hukunana. Na ile "shukrani ya punda ni mateke"? Muulize aliyepigwa alikuwa amesimama wapi.

Dhana: mnyime chakula, njaa itamlainisha.

Usithubutu. Punda asipokula, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu, ini linaharibika na anaweza kufa, hasa akiwa mnene au ana mimba. Ukiona amegoma kula siku nzima mpeleke kwa The Donkey Sanctuary, lile shirika la kutunza punda, wako hapa mjini tangu 1987 na matibabu ni bure.

Dhana: mtenge na wenzake atakuzoea wewe haraka.

Atazoea woga. Punda hushikana na rafiki mmoja kwelikweli. Sisi tulimfunga karibu na kihongwe, yaani punda wa kazi, mzee wa jirani asiyejali lolote, akawa anamwona yule anaguswa, anainuliwa kwato, anapakiwa mchanga, na dunia haijaisha.

Mzigo ulikuja mwisho. Kwanza gunia tupu mgongoni, halafu shogi tupu, halafu mchanga kidogo mpaka ufukweni na kurudi. Lakini pale kwenye mtaro wa maji nyuma ya msikiti bado anasimama kila siku, mimi nalegeza kamba nangoja, na wenye haraka zao wananitukana wakipita.