Yangeyange mweusi na uvuvi wa mwavuli

Ukivuka Daraja la Salenda jijini Dar es Salaam maji yakiwa yamekupwa, tupa jicho upande wa mikoko ya Msimbazi. Ndege mweupe mwenye miguu mirefu anayenyata kwenye tope, wengi humwita yangeyange. Mwenzake, yule anayefuata ng'ombe malishoni, naye huitwa hivyo hivyo. Lakini ukoo huo una mweusi pia, na huyo ana namna yake ya kuvua.

Wataalamu humwita Egretta ardesiaca. Neno la pili lataja rangi ya mawe meusi-kijivu yaliyochongwa vibao vya kuandikia. Manyoya yake ni ya rangi hiyo mwili mzima, mdomo na miguu ni myeusi, ila nyayo ni za manjano, kama aliyekanyaga rangi. Hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia: mabwawa, majaruba ya mpunga, kingo za mikoko.

Akiwinda hupiga hatua chache, kisha ghafla huzitupa mbawa mbele mpaka ncha zigusane, kichwa akakiinamisha ndani. Kingo za manyoya hufika majini. Hapo humwoni ndege tena, unaona mwavuli mweusi uliosahauliwa kwenye dimbwi. Baada ya sekunde chache hujikunja, husogea, hujifunika upya. Ndiyo maana ya uvuvi wa mwavuli.

Je, anakimbia jua? Hata kidogo. Yeyote aliyechungulia chini ya ngalawa iliyotia nanga Msasani anajua visamaki vinavyopenda kujibanza uvulini, mbali na macho ya ndege. Yangeyange mweusi huwatengenezea maficho hayo hayo, akakaa ndani yake kuwangoja. Maelezo mengine ni kwamba kivuli huondoa mng'ao wa jua juu ya maji, akaona vizuri. Sioni kwa nini tulazimike kuchagua moja. Kivuli kimoja chaweza kufanya kazi zote mbili. Na zile nyayo za manjano huchokoa tope, windo likafurumka.

Huvua peke yake au kwa makundi, na kundi zima likijifunika kwa pamoja ni kama mazishi wakati wa mvua, kila mtu na mwavuli wake. Chakula chake hasa ni samaki wadogo, pamoja na wadudu wa majini na vyura. Mvua zikianza hujenga tago la vijiti juu ya maji, akataga mayai mawili hadi manne ya buluu.

Tahadhari moja kwa wakazi wa Dar. Pwani yetu ina yangeyange mwingine ambaye ndani ya jamii moja wamo weupe na wamo weusi, nao hupenda mno fukwe na miamba. Yule wao mweusi kwa kawaida ana weupe kooni, wala hajulikani kwa uvuvi wa mwavuli. Kwa hiyo tazama koo kwanza.